Mahesabu ya Galbet

Ujerumani
9 Februari 1997

Maalim Alio,

Assalamu alaykum. Natumaini hamjambo hapo mtaani Galbet, Garissa, wewe na mkeo Mulki, na kwamba mbuzi wa baba bado wanapata majani. Nakuandikia Kiswahili kama siku zote, kwa kuwa mimi na wewe hatukufundishwa kuandika Kisomali, na Kiingereza nakizungumza kutwa hapa mpaka taya zinauma.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikakwepa kwa sababu nilikuwa sijaielewa. Sasa sikiliza. Tunachukua kaboni-10. Hii haiokotwi popote. Tunaitengeneza kwa mashine na inadumu kama sekunde ishirini, kwa hiyo lazima tuitumie ingali inakimbia. Tunairusha ndani ya chumba cha gesi yenye hidrojeni. Mara chache sana kaboni inaikamata protoni moja ya hidrojeni, na viwili hivyo vinakuwa kiini kimoja: nitrojeni-11, protoni saba kwa nyutroni nne. Kiini hicho hakikai. Ile protoni ya saba inatoka tena. Kati ya kuingia na kutoka kwake hakuna saa duniani inayoweza kupima. Tunachopima ni nishati ya protoni zinazoturudia. Ukizihesabu na kuzichora, mchoro unainuka mahali fulani ukawa kilima, na kilima hicho ndicho resonansi. Kikiwa chembamba, kiini kiliishi kitambo; kikiwa kipana, kiliishi kidogo mno. Ndiyo kanuni uliyotufundisha kidato cha nne ingawa haikuwa kwenye silabasi, na mwalimu mkuu akakugombeza mbele yetu.

Kilima changu ni kipana na hakina umbo. Kundi jingine, nchi nyingine, wamepata namba isiyolingana na yetu. Profesa wangu anataka kujua nani amekosea, na ananitazama kana kwamba ni mimi. Nina miezi minane hapo hapo.

Wasomee wazazi wangu sehemu ya salamu. Mwambie hooyo nimepata koti zito, na baba kwamba hapa ng'ombe wanalala ndani ya nyumba zenye taa.

Mwanafunzi wako,
Idman Sugow


Garissa
16 Machi 1997

Abaayo Idman,

Wa alaykum salaam, dada yangu. Barua yako ilichukua siku ishirini na mbili. Nilikwenda kwenu baada ya sala ya alasiri nikawasomea yote, hata ya nitrojeni. Mama yako Arbia alilia kidogo kwa ajili ya koti. Baba yako aliniuliza, "Hicho kitu kikifa upesi hivyo, kuna haja gani ya kukipima?" Nikamwambia, "Sugow, ndama aliyekufa siku ya kuzaliwa, wewe huuliza alizaliwa na ng'ombe yupi?" Akasema, "Nauliza." Basi akaridhika, akaenda zake sokoni. Ukame huu umemkausha. Wanyama wa watu anaowauza hata kusimama hawawezi, lakini udalali ndio kazi anayoijua.

Sasa nikuulize jambo moja. Hicho kilima mnakipimaje? Mmelaza juu yake ule mchoro wa kengele wenye mabega sawa? Nadhani ndivyo, kwa kuwa kila mtu hufanya hivyo. Kwa kilima chembamba haidhuru. Lakini protoni yako, kama haizunguki ndani ya kiini, haina ukuta wa mzunguko wa kuizuia; ina ukuta wa umeme tu, na kwa nitrojeni ukuta huo ni mfupi. Kila ukipanda nishati, kutoka kunakuwa rahisi zaidi. Maana yake upana wenyewe unabadilika njiani. Kilima cha namna hiyo lazima kiegemee upande mmoja, na kilele mnachokiona hakiko pale resonansi ilipo.

Huenda nimekosea. Tangu chuo kikuu Nairobi sijafanya hesabu za aina hii, na hiyo ni miaka kumi. Lakini nitumie namba zako. Zote.

Maalim wako,
Alio Bulle


Ujerumani
20 Mei 1997

Maalim,

Namba ni hizi, kurasa mbili, nishati upande wa kushoto na hesabu upande wa kulia. Usimwonyeshe mtu, profesa hajui kwamba nimezitoa nje.

Sijalala vizuri tangu barua yako. Nilimuuliza mwenzangu wa maabara kama kilima chaweza kuegemea, akasema, "Kompyuta ingeshatuambia." Kompyuta inajibu ulichoiuliza tu. Nimeona haya kwamba mimi mwenyewe sikuuliza.

Idman


Garissa
11 Agosti 1997

Abaayo Idman,

Nimemaliza. Ndani ya bahasha kuna kurasa thelathini na moja kutoka madaftari ya wanafunzi; samahani kwa mistari ya buluu. Nilitumia kikokotoo cha jua kile kidogo, ambacho hakikosi jua hapa. Mulki amechoka kuniona nimeinama. Aliniuliza, "Huyo nitrojeni ni ndugu yetu wa upande gani?"

Nilianza na kiini pacha. Badilisha protoni za nitrojeni-11 ziwe nyutroni na nyutroni ziwe protoni: unapata berili-11, ambayo inaishi sekunde kadhaa na watu wameipima vizuri. Nguvu za kiini haziwapendelei hawa wala wale. Basi nilichimba shimo la nishati linaloiweka ile nyutroni ya mwisho ya berili mahali pake hasa, kisha kwenye shimo lile lile nikaweka protoni na kuongeza umeme wake, nikaangalia inatokaje. Halafu nikalinganisha mchoro mzima na namba zako, siyo kilele peke yake. Unakaa, Idman. Unakaa toka mwanzo mpaka mwisho. Resonansi iko chini ya mahali mlipoiweka, na ni pana zaidi, karibu MeV moja kwa kipimo chenu cha nishati. Ukiugeuza upana huo kuwa muda, ni kama sekunde saba zilizogawanywa kwa kumi kipeo cha ishirini na mbili. Na lile kundi jingine hawakukosea, wala nyinyi. Kila mmoja alipima kitu kingine akakiita kwa jina moja.

Sasa jambo langu. Unajua kwamba mwaka 1990 nilipata nafasi ya udaktari Uingereza, na kwamba ulikuwa wakati ule wa kuwachunguza Wasomali wote wa Kenya kama ni Wakenya. Kadi yangu ilichelewa, pasipoti ikachelewa, nafasi ikapewa mwingine. Pasipoti nilipewa mwaka juzi. Kuna ufadhili mmoja ambao bado unaweza kunipokea. Maombi yanafungwa mwisho wa Aprili mwakani, na baada ya hapo nitakuwa nimepita umri. Wanataka andiko moja la kisayansi, lililochapishwa au lililokubaliwa. Moja tu.

Siombi jina langu liwe la kwanza. Hata likiwa la mwisho.

Alio Bulle


Ujerumani
28 Septemba 1997

Maalim wangu mpendwa,

Nimepitia kurasa zako kwa wiki mbili, nikaziweka kwenye kompyuta. Hakuna kosa hata moja, ila ukurasa wa kumi na tisa uliandika tatu mahali pa tano na ukaisahihisha mwenyewe mbele. Nilipomwonyesha profesa alisimama. Alitembea mpaka dirishani akarudi, akasema, "Hii ni kazi nzuri sana." Sijawahi kumsikia akimwambia mtu hivyo.

Tunaandika makala sasa hivi. Itapelekwa kwa jarida mwanzoni mwa Novemba. Wakaguzi watarudisha maswali, na lazima yajibiwe katikati ya Januari, na mwezi wa Februari ndipo mtihani wangu wa udaktari. Profesa amesema wazi kwamba nikikosa Januari, kazi hii atampa mwingine aimalize. Kwa hiyo niombee, na usishangae nikiandika kidogo.

Kuhusu jina lako usiwe na wasiwasi. Lipo.

Baba hajambo? Nasikia mvua zinakuja.

Idman


Garissa
31 Januari 1998

Abaayo Idman,

Idi njema. Najua hukupata barua tangu Oktoba. Mvua ilipoanza haikukoma. Mto Tana ulipanda ukameza mashamba ya ndizi yote, barabara ya Nairobi ikakatika, na sisi tukawa kisiwa. Chakula kilikuja kwa ndege. Halafu, maji yakiwa bado yamesimama, mbu wakaja kama moshi, na wanyama wakaanza kutupa mimba na kufa. Baada ya wanyama, watu. Homa na kutokwa damu. Madaktari wa kigeni walikuja, wakasema ni homa ya Bonde la Ufa, inatoka kwa mifugo, watu wasichinje. Shule imefunguliwa juzi. Darasa langu limepungua. Barua hii naipa ndege ya msaada.

Haya ni maneno ya mama yako, kama alivyonitajia leo, siku ya pili ya Idi:

"Mwanangu Idman, sisi tu wazima. Nyumba ilivuja lakini haikuanguka. Baba yako anakusalimu. Wanyama wake wengi wamekwenda, lakini anasema mali hurudi. Anasema usihangaike kuhusu huku, umalize masomo yako, usije kabla ya kumaliza. Sote tunakuombea."

Ameweka dole gumba hapo chini.

Niandikie habari ya makala, na ikikubaliwa nitumie barua ya uthibitisho yenye saini ya profesa, kwa ajili ya ufadhili. Aprili si mbali.

Alio Bulle


Ujerumani
2 Machi 1998

Maalim,

Alhamdulillahi, nimefaulu! Niliulizwa saa mbili nzima, na nusu yake ilikuwa kuhusu kilima kinachoegemea. Nilijibu kama ulivyotufundisha, kwanza kwa maneno, kisha kwa namba. Mwambie baba. Mwambie nimefanya alivyosema, nimemaliza. Nilisoma maneno yake kila asubuhi kabla ya mtihani.

Makala imekubaliwa. Itatoka hivi karibuni. Ile barua ya uthibitisho uliyoiomba kwa ajili ya ufadhili, profesa yuko safarini. Akirudi nitamwambia aitie saini.

Nimesikitika sana kwa habari za mafuriko. Mungu ashukuriwe kwamba nyumbani ni salama.

Dkt. Idman Sugow (nimeona niandike hivyo mara moja tu)


Garissa
26 Aprili 1998

Kwa Daktari Idman Sugow,

Barua ya uthibitisho haikuja. Nilingoja mpaka tarehe kumi na tano, kisha nikapanda lori kwenda Nairobi kumwona Bishar, niliyesoma naye chuo kikuu na sasa ni mhadhiri huko. Nilitaka anisaidie kumpigia profesa wako simu. Bishar alikuwa ametoka kwenye mkutano Italia. Alisema, "Hiyo makala ya nitrojeni-11? Ninayo." Akaifungua mkobani kwa furaha, kwa kuwa aliona jina la msichana wa Garissa.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Majina ni matano. Nilidhani langu wameliweka ukurasa wa pili. Nikatafuta shukrani mwishoni. Umewashukuru mafundi wa mashine. Umemshukuru aliyewachorea michoro. Mchoro wa tatu ni ukurasa wangu wa ishirini na sita, Idman, hata zile herufi nilizochagua.

Bishar aliniuliza kama sikuifurahia. Nikamwambia ni uchovu wa lori. Ningemwambia nini? Kwamba yale ni mahesabu yangu? Mwalimu wa sekondari kutoka Garissa, mwenye daftari?

Maombi yanafungwa Alhamisi hii. Sikuyapeleka.

Ulisema, "Lipo." Nataka uniambie lilikuwa wapi.

A. Bulle


Ujerumani
28 Aprili 1998

Maalim Alio,

Jana Ruweyda alinipigia simu kutoka London. Unamkumbuka, tulikaa dawati moja. Tulicheka kwanza. Halafu akasema, "Abaayo, nisamehe sikukupigia wakati wa msiba wa aabo. Nilikuwa nimejifungua." Nikamuuliza, "Aabo wa nani?" Nikasema tena, "Ruweyda, aabo wa nani?"

Baba yangu alizikwa tarehe ishirini na tisa Desemba, siku mbili kabla ya Ramadhani.

Barua yako iko mbele yangu. Imeandikwa tarehe thelathini na moja Januari. "Baba yako anakusalimu." Mwezi mmoja yumo ardhini, na wewe umekaa umeandika kwa hati yako nzuri kwamba ananisalimu, kwamba mali hurudi. Na mimi nikayabandika maneno hayo ukutani.

Mlidhani nini? Kwamba mimi ni mtoto? Hooyo alikubali vipi kuweka dole lake chini ya uongo kama huo? Na nilipoandika "mwambie baba," nani alinicheka?

Nimejaribu simu ya posta ya Garissa mara sita. Nijibu upesi. Nataka kujua alikufaje, nani alikuwa naye, na alisema nini.

Idman


Ujerumani
24 Mei 1998

Maalim,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ya Aprili imenifikia nikiwa bado nangoja jibu la yangu. Najibu ulichouliza, kwa kuwa mimi pia nimeuliza na ninataka kujibiwa.

Uliuliza jina lako lilikuwa wapi. Halikuwa popote. Siyo profesa aliyelitoa. Mimi sikulitia.

Siku ile aliporudi kutoka dirishani na kusema ni kazi nzuri sana, aliniuliza, "Umelipataje wazo hili?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema. Zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akinipita kwenye ukumbi kama kiti. Nikasema, "Nilifikiria tu pacha wake." Basi. Sentensi moja. Kesho yake ningeweza kuirekebisha, na kesho yake tena, lakini kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Nilipokuandikia "Lipo" nilikuwa nimekusudia kuliweka. Nilipokuandikia kwamba profesa yuko safarini, alikuwa chumba cha pili.

Nilijua habari ya ufadhili. Nilijua tarehe. Sitasema kwamba nilisahau.

Tarehe ishirini mwezi huu nilimweleza profesa yote na nikawaandikia wahariri wa jarida, nikiambatisha nakala ya kurasa zako thelathini na moja, mistari ya buluu na yote. Nimewaomba wachapishe masahihisho kwamba uchambuzi ule ni wako. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimrudishie ufunguo wa maabara.

Sasa nijibu kuhusu baba yangu.

Idman


Garissa
15 Juni 1998

Idman,

Nimezipata zote mbili kwa siku moja. Nimekaa nazo siku tatu. Mulki ameniambia nisipoandika mimi ataandika yeye, kwa hiyo naandika.

Baba yako aliugua tarehe ishirini Desemba. Kulikuwa na kondoo kumi na wawili wa mtu wa Ijara aliyewaacha mikononi mwake, nao walikuwa wanakufa. Aliwachinja watatu kabla hawajafa ili wasiwe haramu, watu wapate nyama. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametuambia tusichinje. Siku ya tatu akapata homa. Siku ya tano fizi zikatoa damu. Hospitali ilijaa, akalazwa kwenye godoro ukumbini. Mama yako na mimi tulipokezana.

Siku zote hizo aliuliza jambo moja. "Idman yuko wapi? Mwambieni aje." Hakusema umalize. Hakusema mali hurudi. Hayo niliyatunga mimi.

Tarehe ishirini na tano tukasikia simu ya posta imerudi. Mama yako alinipa ile karatasi yenye namba yako akasema, "Mpigie, mwambie baba yake anamwita." Ndege za msaada zilikuwa zinakuja na kurudi Nairobi kila siku, ungeweza kupata njia. Nilikwenda, nikapanga foleni. Walibaki watu wawili mbele yangu. Nilisimama pale nikafikiria kwamba ukisikia utakuja, na ukija Januari itapita, wakaguzi hawatajibiwa, kazi itapewa mwingine, na andiko halitakuwa tayari kabla ya Aprili. Sikufikiria mtihani wako, Idman. Ningependa kusema hivyo lakini si kweli. Nilifikiria jina langu. Nikatoka kwenye foleni.

Mama yako aliniuliza, "Umempata?" Nikasema laini imekatika. Aliamini, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimekatika. Baba yako naye alinisikia.

Alifariki asubuhi ya ishirini na tisa. Watu waliogopa kumwosha, tulimwosha watatu. Makaburini kila tulipochimba maji yalipanda, ikabidi tumpeleke sehemu ya juu, nyuma ya uwanja. Waliofika hawakuzidi kumi na watano, kwa mtu aliyejulikana na soko zima.

Mama yako hakukuficha chochote. Siku ya pili ya Idi alinitajia barua ndefu ya msiba, nami nikiwa nimekaa mbele yake na kalamu nikaandika mengine. Hajui kusoma. Aliweka dole lake chini ya maneno ambayo hakuyasema. Na barua yako ya Machi ilipokuja, ile ya furaha, nilimsomea rambirambi ambazo hukuziandika. Alisema, "Mwanangu ana maneno mazuri." Nilikusudia kumwambia ukweli, na wewe pia, makala ikishatoka. Ilipotoka bila jina langu, nilikasirika nikanyamaza, nikajiambia kwamba tumelipana.

Hatukulipana. Pengine usingemkuta. Pengine ungemkuta. Nilichokunyima ni kujaribu, na yeye nilimnyima kusikia kwamba unakuja.

Juzi nilikwenda kwa mama yako nikamwambia kwa mdomo wangu. Hakupiga kelele. Alisimama akafungua mlango akaushika mpaka nilipotoka.

Kuhusu wahariri, fanya unavyoona. Sina ninalostahili kuomba.

Alio Bulle


Ujerumani
12 Julai 1998

Mwalimu Alio Bulle,

Nimeisoma barua yako mara moja. Sitaisoma tena.

Wahariri wamejibu. Masahihisho yatachapishwa Septemba: uchambuzi ulifanywa na Alio Bulle, Garissa, Kenya. Ni ukweli, kwa hiyo acha uchapishwe. Lakini sitaki udhani mimi ni bora kuliko nilivyo. Siku niliyopokea barua yako nilikwenda mpaka posta kuuliza kama barua ya Mei kwa wahariri yaweza kurudishwa. Yule mama wa dirishani akasema, "Binti, hiyo ilifika zamani." Kama angesema yaweza, ningeirudisha.

Udaktari wangu umesimamishwa mpaka kamati ikae. Sitaingoja hapa. Nakuja Agosti, inshallah. Ningekuwa nimekuja Desemba.

Wasichana wako wa kidato cha nne nasikia bado unawafundisha mambo yasiyo kwenye silabasi. Endelea. Hakuna aliyenifundisha vizuri zaidi yako, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe hata kukuchukia kwa utulivu. Nikifika sitapita Galbet. Nawe siku hiyo usije makaburini. Hooyo ameomba hivyo, na mimi pia.

Barua zake usiziandike tena, wala zangu usizisome. Shangazi Timiro amejifunza kusoma kwenye darasa la ngumbaru. Barua yake ya kwanza imenifikia juzi, mistari sita, herufi kubwa, makosa kila mahali. Lakini ameandika alichoambiwa.

Idman Sugow